Siti binti Saad: Jukwaa, Kicheko na Hukumu ya Wimbo

Utangulizi

Jina la Siti binti Saad si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Aghalabu hulisikia kwa mara ya kwanza anapokabidhiwa Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert ambayo imekuwa mfano wa utanzu wa wasifu katika fasihi andishi ya Kiswahili. Humo hukutana na mwanamke mwadilifu, mnyenyekevu na mwenye sauti ya ajabu. Baadaye hujifunza kwamba Siti alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki ambao sauti zao zilinaswa kwenye santuri. Mambo haya mawili ni ya kweli, lakini hayatoshi. Siti hakuwa sauti tu. Alikuwa msanii wa jukwaa, na jukwaa lake lilikutanisha wimbo, masimulizi, kejeli na vichekesho mbele ya hadhira iliyomjua kwa jina na kumjibu papo hapo. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa jicho hilo: binti aliyezaliwa katika utumwa alilipataje jukwaa, alilitumia kufanya nini, na ni sehemu gani ya sanaa yake iliyosalia baada ya jukwaa lenyewe kuondoka?

Kuzaliwa na malezi

Siti alizaliwa kijijini Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka 1880 au karibu na hapo. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa fumbo wala utani. Lilieleza hali ya familia alimozaliwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umepiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao, lakini utumwa wenyewe ulikuwa haujaondolewa. Ni hadi mwaka 1897 ambapo amri ya Sultani iliifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Kwa hivyo, miaka yote ya utoto wa binti huyu ilipita katika jamii iliyomtambua mtu kwanza kwa kuuliza yeye ni wa nani.

Mtumwa hakupelekwa shule. Alijifunza ufinyanzi, kazi ya kwao, akawa anachukua vyungu kutoka Fumba hadi mjini kuviuza. Inasimuliwa kwamba alivinadi kwa kuimba, na kwamba wanunuzi waliitambua sauti yake kabla hajafika mlangoni. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, hapa ndipo jukwaa lake la kwanza. Mchuuzi wa vyungu ana hadhira isiyokusudia kumsikiliza. Hana budi kuikamata kwa sauti, kwa maneno ya haraka na kwa mzaha, la sivyo arudi na vyungu vyake kichwani. Mafunzo hayo hayakutolewa na chuo chochote, lakini yalimfaa baadaye mbele ya masultani na matajiri.

Aliolewa akiwa kijana na ndoa hiyo ikavunjika. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka huohuo ndio Sayyid Khalifa bin Haroub alioshika kiti cha usultani, na utawala wake ulidumu hadi mwaka 1960. Maisha yote ya usanii wa Siti yalipita chini ya mtawala huyo mmoja, na chini ya Waingereza waliokuwa wameifanya Zanzibar nchi ya himaya tangu mwaka 1890.

Taarab aliyoikuta

Taarab aliyoikuta Siti mjini ilikuwa na historia yake. Katika miaka ya 1870, Sultani Barghash bin Said alileta wanamuziki kutoka Misri, na pia akampeleka Mohamed Ibrahim jijini Cairo kujifunza kupiga kanuni. Mnamo mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kiliutoa muziki huo katika kuta za kasri na kuupeleka kwa watu wa mjini. Hata hivyo, taarab ya wakati huo ilibaki sanaa ya wanaume, na lugha yake ya heshima ilikuwa Kiarabu. Wasikilizaji waliketi kwa utulivu. Wengi wao hawakuyaelewa maneno yaliyoimbwa, lakini kutoelewa huko kulikuwa sehemu ya fahari ya tukio zima.

Upande wa pili wa mji, ng'ambo ya mkono wa bahari uliokitenganisha Mji Mkongwe na vitongoji vya mashariki, mambo yalikuwa tofauti. Ng'ambo ndiko walikokaa watumwa waliopata uhuru, wavuvi, wapagazi, vibarua na wageni kutoka bara. Huko ngoma zilichezwa, wanawake walishindana katika lelemama, na nyimbo zilitungwa kwa Kiswahili juu ya jambo lililotukia jana. Huko msanii hakuketi kimya wala hadhira haikunyamaza. Kucheza, kuimba na kudhihaki vilikuwa kitu kimoja.

Siti alisimama katikati ya dunia hizi mbili. Mwanamuziki Ali Muhsin alimsikia, akamfunza kuimba kwa kufuata ala, na akamkutanisha na wanamuziki wenzake. Alijifunza pia kuisoma Kurani kwa kughani. Kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, yote aliyojifunza aliyahifadhi moyoni. Hatimaye kikundi kikaundwa, na ndani yake walikuwamo Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa likachukuliwa Siti, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Badiliko hilo la jina lina uzito kuliko sherehe yoyote. Aliyekuwa akiitwa kwa hali ya kumilikiwa sasa aliitwa kwa neno ambalo mabibi wenye watumwa ndio waliokuwa wakiitwa kwalo.

Si wote waliolikubali. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyokuja nayo mjini na shamba alikotoka, wakamsuta pia kwa sura yake. Siti hakwenda kushitaki wala hakukaa kimya. Alijibu kwa wimbo uliodai kwamba uzuri wa sura si kitu pasipo tabia na akili. Majibizano hayo yalifuata desturi ya malumbano ya kishairi ya pwani, lakini yalibeba swali zito zaidi: je, mtu wa asili ya utumwa ana haki ya kusimama mbele ya watu na kusikilizwa?

London ya mwaka 1728

Ili kuupima uzito wa alichokifanya Siti, yafaa kutazama jukwaa jingine, mbali na Unguja na karne mbili kabla yake. Mwanzoni mwa karne ya 18, jiji la London lilikuwa limepagawa na opera ya Kiitaliano. Mabwana na mabibi walilipa fedha nyingi kuwasikiliza waimbaji wa kigeni wakiimba kwa lugha ambayo wengi wao hawakuielewa. Wakati huohuo, katika kumbi zilizotafuta umati, watu walifurahia dansi na vichekesho. Mnamo mwaka 1717, mwalimu wa dansi John Weaver aliigiza katika ukumbi wa Drury Lane hadithi nzima ya mapenzi ya miungu ya Kirumi kwa miondoko ya mwili pasipo neno lolote kusemwa, naye Hester Santlow akacheza nafasi ya Zuhura. Katika ukumbi wa Lincoln's Inn Fields, mwenye ukumbi mwenyewe, John Rich, alivaa barakoa ya Harlequin na kuwavunja watu mbavu bila kufungua kinywa.

Ni katika ukumbi huohuo wa Rich ambapo, tarehe 29 Januari 1728, ulionyeshwa mchezo wa John Gay uitwao The Beggar's Opera. Gay alichukua tuni zilizojulikana na kila mtu mtaani, akazitilia maneno mapya ya Kiingereza, na badala ya miungu na wafalme akawaweka jukwaani wezi, makahaba na askari jela. Kulikuwamo hata dansi ya wafungwa waliofungwa minyororo. Watu walicheka, lakini walifahamu fika kwamba mwizi wa jukwaani alifananishwa na waziri wa serikalini. Mchezo uliigizwa mara 62 katika msimu wake wa kwanza, idadi kubwa mno kwa wakati ule. Serikali nayo ilielewa. Mchezo wa pili wa Gay ulizuiwa usionyeshwe, na mwaka 1737 Bunge likapitisha sheria iliyolazimu kila mchezo mpya upate idhini ya afisa wa mfalme kabla ya kupandishwa jukwaani.

Miaka 200 kamili baada ya usiku ule wa London, yaani mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi nyimbo. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya matukio haya mawili, wala haihitajiki kuubuni. Kinachofanana ni mantiki yake. Pahali pote ambapo sanaa ya wakubwa imejifungia katika lugha ngeni, msanii anayeileta katika lugha ya mtaani habadilishi maneno peke yake. Anabadilisha pia ni nani anayestahili kuimbwa na ni nani anayeruhusiwa kucheka.

Santuri za Bombay

Safari ya Bombay iligharamiwa na biashara. Kampuni ya His Master's Voice ilitaka soko la Afrika Mashariki, na Siti akawa ufunguo wa soko hilo. Aliimba kwa Kiswahili zaidi, ingawa aliimba pia kwa Kiarabu na Kihindi. Mauzo yaliwashangaza hata wenye kampuni: inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1931 santuri zaidi ya 70,000 zilikuwa zimeuzwa. Ziliwafikia wasikilizaji wengi nje ya Unguja, katika mikahawa na majumba ambamo mtu mmoja mwenye gramafoni aliwasikilizisha majirani wote.

Fauka ya faida ya kampuni, santuri hizo zilikipa Kiswahili hadhi ambayo hakikuwa nayo katika taarab. Mtu aliyekuwa akisikia Kiarabu kama lugha pekee ya muziki wa heshima sasa alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika mashine hiyohiyo iliyopiga nyimbo za Cairo. Ni vyema kukumbuka kwamba wakati huo juhudi rasmi za kusanifisha Kiswahili zilikuwa zikiendelea, na lahaja ya Kiunguja ilikuwa imeteuliwa kuwa msingi wake. Kamati ilikuwa ikikiandalia Kiswahili kanuni za tahajia. Siti, ambaye hakujua herufi, alikuwa akikitafutia wasikilizaji.

Hukumu ya wimbo

Mwaka wa safari ya Bombay ulikuwa pia mwaka wa mgogoro mkubwa Ng'ambo. Mnamo 1928, wakazi wa vitongoji hivyo waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja vilivyojengwa nyumba zao. Ni katika mazingira haya, ambapo mtu maskini alihisi kwamba sheria ina mlango wa mbele kwa mwenye mali na mlango wa nyuma kwa asiye nayo, ndipo nyimbo za Siti zinapopata maana yake kamili.

Wimbo uliodumu zaidi ni ule wa Kijiti. Ulitungwa kuhusu tukio halisi. Mwanamke mmoja mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti kwenda kustarehe, kisha akauawa. Muuaji alikimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, aliyetenda hakuwapo, na adhabu ikawaangukia waliojitokeza kutoa ushahidi. Wimbo unayasimulia hayo kwa mpangilio wa hadithi, unawataja wahusika, na kuiacha hadhira ijiamulie ni nani hasa aliyekosa. Hautoi hotuba. Lakini msikilizaji aliyemaliza kuusikia alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake, na hukumu hiyo ilitofautiana na ya hakimu.

Nyimbo nyingine ziliwagusa waliotumia nafasi zao kuiba, na wanaume waliowadhulumu wanawake. Hapa ndipo kicheko kilipoingia kazini. Nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, kikundi kilikutana usiku kufanya mazoezi, na majirani walifurika kusikiliza. Huko nyimbo hazikuimbwa kavu. Wanakikundi walizikatiza kwa vichekesho vifupi, wakiwaigiza watu wa mjini na kuyaonyesha kwa vitendo mambo yaliyotajwa katika wimbo. Hadhira ilitambua, ikacheka, ikaongeza yake. Habari ya siku ile ilizaa wimbo, wimbo ukazaa kichekesho, na kichekesho kikampa mtunzi beti nyingine.

Ujasiri wa tendo hili hauna budi kuelezwa kwa uangalifu. Siti huyohuyo alialikwa kuimba kasrini mbele ya Sultani na katika arusi za matajiri wa Kiarabu na Kihindi. Kipato chake kilitegemea watu ambao jamaa zao wangeweza kutajwa katika nyimbo za Ng'ambo. Alijua ni lipi la kuimba wapi, na ni fumbo gani litamfikia mlengwa bila kumpa sababu ya kushitaki. Alichokuwa nacho mkononi ni jaziba ya mafumbo ambayo lugha ya pwani imeirithisha vizazi na vizazi, na aliitumia kama ngao na kama mkuki kwa pamoja.

Kilichopotea na kilichosalia

Santuri ya wakati ule ilichukua takriban dakika tatu kila upande. Wimbo uliozoea kuimbwa kwa muda mrefu, ukirudiwarudiwa kadiri watu walivyotunza, ulipunguzwa ukaingizwa katika dakika hizo. Vichekesho havikurekodiwa. Vicheko vya majirani havikurekodiwa. Mwendo wa mikono, sura ya mwimbaji alipofika kwenye fumbo, na msukosuko wa hadhira ilipomtambua anayesemwa, vyote vilibaki Ng'ambo na kufa na walioviona. Aliyenunua santuri alipata sauti ya Siti bila kupata jukwaa lake.

Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert nao uliokoa mengi. Mwandishi huyo alikutana naye mwaka 1950, Siti akiwa mzee na mgonjwa, akayasikia maisha yake kinywani mwake mwenyewe. Kazi hiyo ilichapishwa katika jarida la kamati ya Kiswahili mwaka 1958, na baadaye ikawa kitabu. Bila Shaaban Robert, mwanafunzi wa leo angejua machache mno kuhusu mtoto wa Fumba. Walakini, Shaaban Robert alikuwa mwandishi wa adili. Alimwandika Siti ili awe kioo cha subira, bidii na heshima kwa wasomaji wake, hususan wanawake. Mhusika wake husamehe zaidi ya anavyokejeli. Kwa hiyo, Siti wa kitabuni anahitaji kusomwa pamoja na Siti wa nyimbo: yule wa kwanza anafundisha, wa pili anacheka na kushitaki.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Sauti yake iliendelea kwa njia nyingine. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo zake akiwa binti na kuziimba kwa zaidi ya nusu karne, akizirudisha karibu na ngoma kuliko zilivyokuwa kwenye santuri. Chama cha wanahabari wanawake nchini Tanzania kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Kitukuu chake, Siti Muharam, naye amezirekodi nyimbo za bibi yake katika karne hii ya 21.

Hitimisho

Maisha ya Siti binti Saad yanamwachia mwanafunzi wa Kiswahili kazi ya kufanya. Fasihi simulizi mara nyingi huchambuliwa darasani kama maandishi: beti huhesabiwa, vina hupigiwa mstari, dhamira huorodheshwa. Matini hiyo ni kama santuri ya dakika tatu. Ni ya thamani, lakini imekatwa. Kinachokosekana ni mwili unaocheza, mzaha unaoingilia kati, na hadhira inayojua ni nani anayesemwa.

Upungufu huo si wa Unguja pekee. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu si kwamba maneno ya nyimbo zake hayawezi kuandikwa, yanaweza. Ngoma, mchezo na wimbo vikitenganishwa, kinachobaki daftarini si isukuti tena. Katika maeneo kama Mautuma, ambako watu waliotoka sehemu mbalimbali waliishi pamoja na lugha zao na nyimbo zao, wapo wazee wanaokumbuka ni nani aliyeimbwa, kwa kosa gani, na jinsi alivyojificha watu walipocheka. Kumbukumbu hizo ni sehemu ya wimbo.

Binti aliyeitwa Mtumwa hakuacha barua wala kitabu alichokiandika kwa mkono wake. Aliacha nyimbo zilizolitaja jina la Kijiti, ambaye mahakama haikumpata. Karibu karne nzima baadaye, muuaji yule angali anashitakiwa kila wimbo unapopigwa.